Bahasha Nene

Mwenyekiti wa Mfuko wa Huruma alipotamka "familia ya fundi wetu wa kuchomelea," kanisa zima liligeuka kumtafuta mkewe, msusi. Naye msusi, ambaye siku zote hukaa mabenchi ya nyuma ili aone nani kavaa nini na nani hasemeshani na nani, akajuta kwa mara ya kwanza kukaa mbali na altare. Njia ya katikati ilikuwa ndefu. Wenzake huipita wakiwa maharusi. Yeye aliipita akihesabu vigae, macho ya watu yakimpapasa mgongoni.

Ndivyo parokia ile ilivyofanya kila mwezi. Baada ya matangazo, wenye shida huitwa mbele, wanapewa mkono, wanapewa bahasha, wanapigwa picha, wanapigiwa makofi. "Sadaka isiyoonekana haizai sadaka nyingine," Mwenyekiti alipenda kusema, na kwa kuwa alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, hakuna aliyethubutu kunyoosha kidole kuuliza.

Msusi alipokea. Bahasha ilikuwa nene. Vidole vyake, vilivyozoea kupima unene wa nywele za bandia kabla hajazilipia, viliipima kabla hata hajamaliza kusema asante. Nene! Akarudi benchini akiwa ameshaigawa kichwani: kodi ya chumba cha kusukia inayodaiwa, kisha dawa ya jicho la mume wake, na kama Mungu ni Mungu, kitabaki cha sabuni.

Nyumbani, fundi alikuwa ameketi kitandani, jicho la kushoto limefunikwa kwa bandeji. Cheche ya moto ilimwingia akichomelea geti, na tangu siku hiyo mashine yake ililala uvunguni.

"Ngapi?" aliuliza kabla ya salamu.

"Ngoja nifungue."

"Usinifiche, mama. Jicho moja bado linaona."

Msusi akachana bahasha, akaingiza vidole, akatoa.

"Hundi?" fundi akauliza.

"Hundi gani, baba wee! Karatasi. Ya kuandikia. Na hata kuandikwa haijaandikwa."

Fundi akaipokea, akaielekeza dirishani, akaigeuza mbele na nyuma kama mtu anayekagua noti. Ilikuwa karatasi nyeupe, imekunjwa mara nne.

"Labda wamekosea," akasema.

"Mtu hukosea akatia pungufu. Unakosea vipi mpaka ukakunja?"

Hawajafika mbali, hodi. Alikuwa mwenye chumba cha kusukia, ambaye mtaa mzima humwita Besi, kwa sababu kwenye kwaya ndiye anayeshika sauti ya chini, ile inayotetemesha vioo. Alikuja na joho la kwaya mwilini. Hata kulivua hakungoja.

"Hongereni jamani! Nimepiga makofi mpaka viganja vinawaka moto."

"Asante, baba mwenye nyumba. Karibu kiti."

"Sikai, mama. Nilikuwa napita tu."

Anapita tu, na nyumba yake iko upande wa pili wa kanisa! Akasimama mlangoni, joho limeziba mwanga wote, akakohoa kikohozi cha mtu anayedai.

"Haina hela," msusi akasema. "Bahasha. Ilikuwa na karatasi."

Besi akacheka kwa upole, kama anavyochekewa mtoto aliyeficha sukari mdomoni. "Mama, mimi nilikuwa mstari wa juu kabisa. Nimeiona kwa macho yangu ilivyovimba. Sikulaumu, kila mtu ana mipango yake. Lakini mimi nina subira, sina ujinga. Jumatano."

Akaondoka. Jua halijazama, muuza duka aliyekuwa akiwakopesha akatuma salamu za kuwapongeza na kuwakumbusha. Kisha akaja wifi, dada wa fundi, na mkoba wake wa safari za karibu.

"Wifi yangu, sisemi nataka," alianza, akijipepea kwa kanga. "Nasema kama ipo."

"Haipo, wifi."

"Haya. Ya kaka yangu haipo. Bahasha ya kaka yangu, jina la kaka yangu limesomwa kanisani, lakini kwa dada yake haipo." Akamgeukia fundi. "Umeoa, kaka. Umeoa haswa."

Msusi akamtupia ile karatasi mapajani. Wifi akaitazama, akaitazama tena, akaikunja kunjo zilezile. "Na hela yenyewe mmeificha wapi?" akauliza.

*

Jumatatu msusi alimkuta Mwenyekiti kwenye ofisi ya parokia, nyuma ya meza iliyofunikwa kioo, anakunywa chai peke yake. Paroko alikuwa safarini hadi mwisho wa juma.

"Mzee, shikamoo. Nimekuja kuhusu bahasha. Nimekuta karatasi."

"Marahaba. Ndiyo," akasema Mwenyekiti, kama aliyeambiwa kwamba nje kuna mawingu.

"Karatasi tupu, Mzee."

"Nimekusikia. Ile tunaiita bahasha ya imani. Unaipokea kwa imani, nasi tunaijaza michango ikiingia."

"Na karatasi ya ndani ni ya nini?"

"Bahasha bapa haipendezi, mama. Walio nyuma wanaona."

Msusi akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka kama chafya. Mwenyekiti akaweka kikombe chini taratibu, akavua miwani, na pasipo miwani alionekana mzee kuliko alivyokuwa mimbarini.

"Usidhani tunaiba," akasema. "Hakuna hata senti iliyoliwa. Mwezi mmoja, zamani kidogo, wafadhili walioahidi hawakutoa. Nikasema, tutawaambiaje watu kwamba Mfuko wa kanisa umekauka? Tukatoa bahasha, na katikati ya juma tukazijaza, kila mtu akapata chake. Mwezi uliofuata tukachelewa kidogo. Uliofuata tukachelewa zaidi. Michango inashuka, sijui kwa nini inashuka. Maji yamezidi unga, mama."

"Na wenzangu walioitwa jana?"

Mwenyekiti akapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Mbona hawasemi?" msusi akauliza.

"Kila mtu ana staha yake." Akairudisha miwani usoni, na uzee ukamtoka. "Sasa sikiliza. Jumapili hii ni Jumapili ya Mfuko. Wanakuja watu wenye uwezo. Nataka mtu atoe ushuhuda, na wewe una ulimi. Dakika chache tu. Useme Mfuko ulivyowagusa, mume na jicho lake, watu waguswe. Wakiguswa, watatoa. Na bahasha ya kwanza kujazwa itakuwa yako. Kodi yote. Neno langu."

"Nishukuru kwa karatasi."

"Ushukuru kwa kitakachokuja. Si ndiyo maana ya imani?"

"Na nikikataa?"

"Nani anakataa kushukuru, mama?" Akasimama kumfungulia mlango. "Lakini ukienda kusema hovyo huko saluni, ujue wewe ndiye utakayeuzika Mfuko. Kuna wajane humu. Kuna yatima. Uwaambie mwenyewe."

*

"Sema," fundi akamwambia jioni. "Sema tupate, yaishe. Maneno hayachomi."

"Hayakuchomi wewe. Wewe utakuwa umekaa."

"Hivi unajua kukaa kunavyochoma?" Fundi akajigusa bandeji. "Nusu ya mageti ya mtaa huu ni mkono wangu. Leo watu wanajifungia kwa kazi yangu, na mimi nashindwa kumlipia mke wangu mlango mmoja wa kusukia. Unadhani nafurahi jina langu kusomwa pale mbele kama marehemu? Lakini njaa haina aibu."

"Njaa ni yetu, sawa. Aibu ni yao. Sasa mbona mizigo yote miwili nimetwikwa mimi?"

Fundi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kulipa madeni kwa mikono, na mikono sasa ilikuwa mapajani. Usiku ule walilala kila mmoja amegeukia ukuta wake. Msusi akajaribu ushuhuda ule kwa kunong'ona, aone kama utapita kooni: Mfuko umetugusa, jamani, Mfuko umetugusa. Ulipita. Hilo ndilo lililomtisha. Ulipita laini kabisa, kama dawa iliyopakwa asali.

*

Jumatano Besi hakuchelewa. Msusi alikuwa katikati ya kichwa cha muuza mitumba, mteja wake wa miaka, mama mwenye sauti ya kuuzia nguo bila kipaza sauti. Upande wa kulia umeshasukwa, wa kushoto umesimama wima kama umetishwa. Besi akaingia na kufuli jipya mkononi, bado lina karatasi ya dukani.

"Mama, sina ubaya. Toka tu na mteja wako."

"Niache nimalizie hiki kichwa."

"Kichwa si chumba changu."

"Ala!" muuza mitumba akaruka kitini. "Unanifukuza na nusu kichwa? Wewe baba, wewe! Jumapili unaimba 'nipokee Bwana', Jumatano unatoa watu nje?"

"Dada, wewe hunihusu."

"Nywele zangu zinakuhusu! Nitembee nazo hivi mpaka wapi?"

Alitembea nazo hivyo mpaka nyumbani kwa msusi, tena kwa njia kuu, makusudi, akimweleza kila aliyemkodolea macho aliyemfanya vile. Msusi alifuata nyuma na kiti, vitana na mfuko wa nywele. Maneno ya mbele hakuyasikia. Alikuwa anasikiliza mlio wa lile kufuli, ambao ulikuwa bado unalia ndani ya kifua chake: chumba kile ndicho kilichokuwa kinawalisha, na Besi alikuwa ameshasema mtu wa kutengeneza simu anakitaka kuanzia Jumatatu.

Uani, akakaa nyuma ya kichwa cha muuza mitumba, akaendelea pale alipoishia. Mwanamke anayesukwa hana pa kwenda, na anayesuka hana pa kutazama. Ndiyo maana ukweli mwingi wa dunia hii hupita kwenye nywele. Majirani wakajaa.

"Lakini nawe, mwenzangu," muuza mitumba akasema, "si ulipe tu? Jumapili umepewa mzigo ule."

"Mama, wewe unatoa mchango wa Mfuko?"

"Nilikuwa natoa. Nikaacha."

"Kwa nini?"

"Kwani Mfuko unahitaji? Kila mwezi naona bahasha zimevimba utadhani zina mimba. Nikasema, mwenye shibe hapakuliwi sahani. Hela yangu nikapeleka kwingine."

"Hata mimi nimepunguza," jirani mmoja akadakia. "Wana wafadhili wale."

"Mume wangu alisema hivyohivyo. Anasema wana akaunti nje."

Mikono ya msusi ikasimama. Akakumbuka Mwenyekiti akisema sijui kwa nini inashuka. Mwalimu mzima! Mfuko ulikuwa unakufa njaa huku umejaziwa nguo tumboni ili uonekane mnene, na kila mpita njia anaupongeza kwa shibe yake.

"Mbona umeacha? Unanivuta," muuza mitumba akalalamika.

"Samahani, dada." Akasuka. Akamsuka vizuri kuliko alivyowahi kumsuka, na hakusema neno. Waliomjua wakashangaa. Msusi yule kukaa kimya ni kama redio kuzimika: watu huigongagonga.

*

Jumapili kanisa lilifurika. Mbele walikaa wenye uwezo, manukato yao yamefika mpaka milangoni. Mwenyekiti alivaa suti ya mahafali. Fundi naye alikuja, kaazima miwani ya jua kuficha bandeji, na njiani hakuuliza mke wake atasema nini. Mlangoni tu ndipo alipomshika kiwiko.

"Chumba kikienda, kimekwenda," akamwambia. "Nitajifunza kusuka."

"Kwa vidole hivyo? Utawatoa watu ngozi."

Alipoitwa, msusi alienda mbele bila kuhesabu vigae. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

"Nimeambiwa nishukuru, nami nilifundwa kushukuru. Nashukuru kwa makofi. Makofi nilipewa kweli." Watu wakacheka kidogo. Mwenyekiti akatabasamu. "Bahasha niliyopewa ilikuwa na karatasi nyeupe, imekunjwa mara nne."

Tabasamu likabaki usoni kwa Mwenyekiti, lisijue pa kwenda.

"Sikuja kumwita mtu mwizi. Hakuna aliyekula. Hakuna cha kula! Mfuko hauna kitu, jamani. Nyinyi mmeacha kutoa kwa kuwa mnauona umeshiba. Na wao wanaogopa kusema una njaa, wanadhani mtakimbia. Kwa hiyo sisi tunaitwa hapa, tunasimama, tunapigwa picha, tunarudi nyumbani na karatasi, na anayetudai alikuwa hapahapa anapiga makofi. Mimi kwa kuwa nimeshazoea kutazamwa, nimeona niwasemee. Mfuko una njaa kama mimi. Mkitaka kuulisha, ulisheni. Msipotaka, basi, lakini msituvishe shibe ambayo hatukuila."

Mwenyekiti akaipungia kwaya mkono kwa nguvu. Kinanda kikalia, sauti za juu zikaingia, za kati zikafuata kwa kusitasita, na ya chini haikuja. Besi alikuwa amesimama kinywa wazi, anakumbuka kufuli lake. Wimbo usio na besi ukasikika kama nyumba isiyo na sakafu, na ubeti haujaisha ukaanguka wenyewe.

Katika ukimya ule, mlinzi mzee wa soko akasimama, kofia mkononi.

"Yangu ilikuwa na gazeti," akasema.

Kuna aliyecheka, akajiziba mdomo.

"Mimi kadibodi," akasema mjane mmoja bila kusimama. "Nikadhani ni mimi peke yangu. Nikadhani labda wamenijua nina dhambi gani."

Paroko akainuka kwenye kiti chake. Alikuwa mtu mpole, mchovu, aliyekuwa akitia sahihi alicholetewa. Miaka yote hakuuliza, kwa sababu hakutaka kujibiwa.

"Mwenyekiti. Ni kweli?"

"Baba, tulikuwa tunalinda jina la kanisa."

"Baba," msusi akasema, kipaza sauti bado kiko kwake, "jina la kanisa si lilindwe na kanisa? Mbona nimepewa mimi nililinde, na chumba sina?"

Mzee mmoja wa mbele, mwenye mabasi, akasimama na familia yake yote, akatoka. Milango ya gari ikasikika huko nje ikifungwa kwa hasira. Wengine wawili watatu wakamfuata. Mwenyekiti akawanyooshea mkono ili msusi awaone. "Umefurahi? Ndio hao!"

"Nimewaona, Mzee. Walikuwa hawatoi hata wakiwa wamekaa."

"Hata mimi nilikuwa sitoi!" Sauti ya kuuzia mitumba ikapasua katikati ya kanisa. Muuza mitumba alikuwa tayari anafungua pindo la kanga. "Leteni kapu. Na safari hii nataka kuona linapokwenda."

Paroko akashuka ngazi za altare mwenyewe, akachukua meza ya maua, akaondoa maua, akaiweka mbele ya benchi la kwanza. "Kapu litamwagwa hapa," akasema. "Leo na kila mwezi. Na kikiwa kidogo, mtajua ni kidogo."

Kilikuwa kidogo. Zilikuja noti zilizokunjwa, sarafu za watoto, na pete moja ambayo mwenyewe aliifuata baadaye kwa aibu. Zikahesabiwa hadharani, zikagawiwa kwa waliokuwa na karatasi. Ilipofika zamu ya msusi, Mwenyekiti, kwa mazoea tu, akaingiza mkono kwenye koti akatoa bahasha.

"Weka kiganjani, Mzee," msusi akamwambia. "Na uhesabu kwa sauti. Walio nyuma wasikie."

Mwenyekiti akamtazama. Kisha akahesabu, noti kwa noti, kwa sauti ileile aliyokuwa akisomea matokeo ya mitihani. Ilitimia nusu ya kodi. Hakuna aliyepiga makofi.

*

Msusi hakwenda nyumbani. Alipitiliza mpaka kwenye chumba, fundi pembeni yake, muuza mitumba nyuma yao na kichwa chake maridadi, na nyuma ya hao nusu ya waliokuwa misani, maana hakuna aliyetaka kusimuliwa. Besi akawafuata mbiombio, joho amelishika pindo asikanyage.

"Nusu hii hapa," msusi akasema. "Nyingine nitaisuka, na nitaisukia humu."

Besi akapokea, akahesabu, akajikuna shingo. Watu walikuwa wengi. "Mama, nusu ni nusu. Nina mtu wa simu kesho, ana kodi kamili."

"Ni kweli, nusu ni nusu. Mimi sikudhulumu, nawe usinidhulumu." Akaonyesha mlango wa mabati, wenye mabawa mawili, na kufuli katikati. "Fungua bawa moja."

"Bawa moja?"

"La kulia. La kushoto lifunge mpaka nimalize kulipa. Huyo mtu wa simu akija, mwonyeshe nusu yake."

Kicheko kikapasuka mpaka barabarani. Besi naye akajikaza, akajikaza, kisha kile kifua kinachotetemesha vioo kikaanza kutetemeka chenyewe. Akapekua chini ya joho, akatoa ufunguo. Fundi akavua miwani ya jua, akainama na jicho lake moja kuichunguza bawaba, akasema imeanza kulika, itahitaji kuchomelewa.

"Utalipwa kwa kukatwa kwenye deni," Besi akasema.

"Kwa sauti," akasema msusi, "walio nyuma wasikie."

Besi akarudia kwa sauti ya kwaya. Msusi akasukuma bawa la kulia, akaingia kwa ubavu, kiti mbele, akamgeukia mjane wa kadibodi aliyekuwa amesimama pale kwenye umati na kitambaa kichwani.

"Wewe, ingia. Leo nasuka kwa hela taslimu."

"Nina kidogo," mjane akasema.

"Na mimi nina nusu ya mlango. Jipinde, upite."